Kitalu, Tezo na Moto: Kujitolea Bondeni mwa Matandu

Jumamosi

Basi la kusini lilitoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikaa dirishani, begi la brashi na makopo ya rangi nimelibana miguuni, nikielekea kijiji kimoja cha ndani kabisa wilayani Kilwa, bondeni mwa mto Matandu. Huko wanakijiji wamewakalisha chini ya mwembe mmoja watu wawili ambao kwa miaka mingi wametazamana kwa jicho la pembeni: mchongaji wa vinyago na mlinzi wa msitu. Anayekaribishwa kujitolea huja na kazi ya mikono yake. Mchoraji analeta rangi, mpiga ala analeta ala, na wote wanashika jembe.

Mti unaowahusu wote wawili ni mpingo. Mkazi wa Dar es Salaam anaujua kwa vinyago vya Mwenge, mwanamuziki wa Ulaya anaujua kwa klarineti na obo, na sisi sote tumefundishwa shuleni kwamba ndio mti wa taifa letu. Ambalo hatukufundishwa ni umri wake. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa kwa mbao nzuri. Anayepanda leo anampandia mtu ambaye hajazaliwa. Mimi ni mwalimu wa kuchora, nimeishi na wachongaji jirani zangu tangu utotoni, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza sanaa tunayojivunia itakula nini mti huu ukiisha.

Tulivuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa. Mama aliyekaa kando yangu, anayerudi Lindi, alinisimulia jinsi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003 watu walivyokuwa wakilala Ndundu wakisubiri pantoni, na mvua zikizidi wanalala tena. Somanga bado kuna alama za Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara na kuitenga mikoa ya kusini. Nangurukuru nilishuka. Gesti, samaki wa kukaanga na muhogo, usingizi.

Jumapili

Kutoka Nangurukuru lami inaachwa nyuma na njia inaingia magharibi kuelekea Njinjo na hatimaye Liwale. Nilipanda lori lililobeba saruji na mabati, tukiwa abiria saba juu ya mzigo. Kwa saa ya kwanza nilidhani nimeshaingia msituni. Kumbe yale ni mashamba yaliyochoka, yenye vichaka vinavyorudi. Halafu yakaja mashamba mapya, yamefyekwa mwaka huu, visiki vyeusi vimesimama ndani ya majivu.

“Ufuta huo,” alisema jamaa mmoja huku akishika kofia isipeperuke. “Huku ufuta ndiyo hela.”

Ni kweli, na sitaki mtu asome simulizi hii akidhani wakulima wa Kilwa ni maadui wa miti. Ufuta unaotoka mkoa wa Lindi unasomesha watoto na kuezeka nyumba. Shida ni kwamba ardhi mpya iliyotoka kufyekwa na kuchomwa inazaa vizuri na ina magugu machache, kwa hiyo baada ya misimu michache mkulima anasogea mbele, na mbele ndiko msitu uliko. Msumeno wa mwizi wa magogo unaandikwa magazetini, lakini eneo kubwa zaidi linaondoka kwa panga na kiberiti.

Tulifika alasiri. Kambi ni mabanda matatu ya udongo na nyasi, pampu ya kisima, paneli ndogo ya sola ya kuchaji simu, na kitalu kilichofunikwa chanja la matete. Mtandao unapatikana ukipanda kichuguu kilicho nyuma ya shule. Wenzangu waliotangulia ni kijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine aliyesomea misitu, dada mfinyanzi kutoka Bagamoyo, na kaka mmoja wa Unguja anayepiga klarineti. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi za nazi, tukaonyeshwa mikeka yetu.

Jumatatu

Kitalu kinasimamiwa na mama mmoja ambaye kijiji kizima, hata wanaomzidi umri, humwita Shangazi. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba akiwa ameinama, hakunyanyuka, akanisogezea rundo la viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche.

“Udongo wa pale,” alinionyesha kwa kidevu, “usiuchanganye na huu mpaka nikwambie.”

Udongo wa pale ulikuwa umechotwa chini ya mipingo mikubwa. Mpingo ni wa jamii ya kunde, na kwenye mizizi yake huota vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Mche ukiota katika udongo usio na bakteria hao, unadumaa. Kwa hiyo kila mchanganyiko wa udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza lazima uwe na gao lake kutoka chini ya mti mama. Kijana wa Sokoine alikuwa na maneno ya kitaalamu ya jambo hili. Shangazi alikuwa nalo kwa kulifanya.

Mbegu zilikusanywa wakati wa kiangazi. Ganda la mpingo ni jembamba na bapa, lina mbegu moja au mbili tu, na wadudu wanazipenda. Wanazichagua moja moja kwenye ungo, wanaziloweka usiku mmoja, wanazipanda. Kazi yetu leo ilikuwa na miche iliyokwisha kuota: kunyanyua kila kiriba na kukata mzizi uliotoboa chini na kuanza kuingia ardhini. Mzizi huo ukiachwa, siku ya kuung'oa mche unakatika wote. Baada ya kuukata, unarudisha kiriba mahali pake na kumwagilia kidogo. Kidogo mno kwa macho yangu. Majani yalikuwa yamelegea.

“Shangazi, hawa si wana kiu?”

“Wana kiu. Na huko wanakokwenda kuna kiu. Mche uliodekezwa haufiki Oktoba, mwanangu.”

Oktoba ndio mwisho wa kiangazi huku, mvua zimekatika tangu Mei. Yeye humwagilia kila siku miche michanga, kisha kadiri msimu wa kupanda unavyokaribia anapunguza maji na kuliondoa chanja la kivuli sehemu kwa sehemu, mpaka miche izoee jua kali. Nilishinda pale mpaka magharibi. Mgongo unauma vibaya, lakini mkono umeshajua uzito wa kiriba chenye mzizi mzima na kile ambacho mzizi wake umeoza.

Jumanne

Leo nilifuata doria ya kamati ya maliasili ya kijiji. Walikuwa wanaume watatu na mwanamke mmoja, baiskeli mbili, filimbi, daftari na kipima mzingo cha kamba. Wanatembea kimya na kwa haraka.

Nilipata kuelewa jinsi msitu huu ulivyo wao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi yake, kuandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kuuza mti kwa mpango huo, mapato yakabaki kijijini. Kilwa ndiyo iliyoonyesha njia. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi katika wilaya hii vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa msitu wao wa asili, vya kwanza barani Afrika kwa msitu unaosimamiwa na jamii. Kabla ya hapo mpingo uliokuwa ukitoka wilayani uliwaachia wanakijiji senti chache au hakuna kabisa. Wazee wa hapa wanalizungumzia jambo hilo kwa utulivu, lakini unaona mkono unavyokaza mpini wa panga.

Kiongozi wa doria alizungusha kamba kwenye mpingo mmoja, usawa wa kifua. Kipenyo kinachoruhusiwa kuvunwa ni kuanzia sentimita 24. Huu ulikuwa haujafika. Aliniuliza nadhani una miaka mingapi. Nikasema thelathini.

“Baba yangu alinionyesha mti huu nikiwa sijaanza madrasa. Ulikuwa hivi hivi.”

Kisha akainama na kupekua nyasi, akanionyesha kitu nisichoweza kukiona mwenyewe: kijiti chenye miiba, hakifiki goti, na chini yake shina nene lililovimba na kuungua mara nyingi. Huo ni mpingo. Mizizi yake ina umri, ila kila mwaka moto unapita, unaua sehemu ya juu, na mvua ikija unachipua upya. Unaweza kukaa hivyo miaka na miaka ukisubiri msimu mmoja au miwili bila moto mkali ili chipukizi liwahi kurefuka na gamba liwe nene. Alinionyesha mingine, na mingine. Ndani ya eneo tulilotembea kwa dakika chache kulikuwa na miti mingi ya namna hiyo iliyokwama ardhini. Pia visiki vya zamani vilivyokatwa vilikuwa na machipukizi yaliyotoka kwenye mizizi, mbali kidogo na kisiki chenyewe.

Jambo hili lilibadilisha fikra zangu zote kuhusu neno kupanda miti. Picha tunazozoea ni kiongozi ameshika mche, watu wanapiga makofi. Hapa msitu mpya umeshapandwa na msitu wa zamani, uko chini ya nyasi, unachohitaji ni kulindwa usiungue. Miche ya Shangazi inakwenda kule ambako mizizi yote imekwisha kung'olewa kwa kilimo cha miaka mingi. Kwingine kote kazi ni kulinda.

Tulipita pia kwenye mti mnene uliosimama vizuri. Kiongozi aliugonga kwa ubapa wa panga, ukaitika kwa sauti ya wazi. Umeoza ndani. Moto wa mara kwa mara hujeruhi shina, uozo ukaingilia hapo, na mti unabaki gamba lenye pango. Mnunuzi wa mbao za ala hautaki. “Huu ni wa babu zetu wa kule mwembeni,” alisema, na akauandika daftarini.

Jumatano

Chini ya mwembe. Hapa ningeweza kukaa mwaka mzima.

Wachongaji wako watano, na mkubwa wao ni mzee wa Kimakonde aliyezaliwa Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, akaletwa Tanganyika mgongoni mwa mama yake wakati baba yake alipokuja kutafuta kazi ya mkonge. Amechonga Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kuhamia huku kwa mkewe. Ana tezo tatu, vile vishoka vya kuchongea, za ukubwa tofauti, patasi alizozifua kutokana na vyuma vya spring za gari, tupa, na kipande cha msasa anachokitunza kwenye mfuko wa shati. Kipande cha mpingo kinakaa kati ya nyayo zake, tezo inashuka karibu kabisa na vidole, na yeye anakuangalia wewe usoni akizungumza.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu. Umekuja kuchora miti au kupanda?”

“Vyote, babu.”

“Basi kaa.”

Sheria ya ukumbi wao ni moja tu na imeandikwa kwa mkaa kwenye ubao: hakuna mti mzima unaokatwa kwa ajili ya kinyago. Mvunaji wa magogo ya ala anahitaji mti ulionyooka, usio na ufa wala fundo. Mpingo kwa tabia yake umejipinda, una mifereji shinani, una matawi tangu chini, na katika gogo zima kinachogeuka kuwa mbao ya ala mara nyingi hakifiki asilimia 10. Yanayobaki ni matawi, vitako, vipande vyenye nyufa, mashina yenye mapango. Zamani yaliachwa porini na kuwa kuni za moto unaofuata. Sasa kamati inayakusanya, inayagonga alama, na kuwagawia wachongaji. Sehemu ya fedha ya kila kinyago inarudi kitaluni kununua viriba. Na kila mchongaji ana eneo lake la miche la kupalilia.

Nilimkuta mzee akichonga shina lenye pango, la aina ile tuliyoigonga jana. Alikuwa anatengeneza ujamaa, ule mtindo wa watu waliobebana kutoka chini mpaka juu, ambao Wamakonde wenyewe huuita dimoongo, yaani nguvu. Sehemu iliyoliwa na moto hakuijaza wala kuikata. Aliigeuza kuwa nafasi kati ya bibi na mjukuu, mikono yao ikakutana upande wa pili wa tundu. Nje ameacha ukanda mwembamba wa mti mweupe unaozunguka kiini cheusi, ukawa ukingo wa kanga ya mama. Sijawahi kuona kosa la mti likitumiwa kwa heshima namna hiyo.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kwake yeye mpingo si mti wa asili wa uchongaji wa Kimakonde. Vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za unyago, huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji anacheza navyo. “Mpingo tumeletewa na soko,” alisema. Wanunuzi wa zama za ukoloni walipenda weusi na uzito, wachongaji wakafuata, na kutoka hapo yakazaliwa mambo makubwa: ujamaa, na mashetani ambayo Samaki Likankoa alianza kuyachonga miaka ya 1950. Kwa hiyo sanaa hii tunayoiita ya kale ina umri unaokaribiana na wa mti mmoja uliokomaa. Nililirudia wazo hilo usiku kucha. Kizazi kimoja cha mpingo ndicho kilicholisha historia yote ya vinyago vyeusi vya Kimakonde, na kizazi cha pili bado kiko chini ya nyasi.

Baada ya chakula cha usiku aliwasimulia watoto hadithi ya asili ya Wamakonde. Palikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini, hanyoi, haogi, hajui mtu. Siku moja akachonga mti ukawa na umbo la mtu, akausimamisha juani nje ya kibanda. Kulipokucha ule mti ulikuwa mwanamke, akawa mkewe. Walizaa bondeni karibu na mto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, mtoto akafa. Wakapanda mpaka uwanda wa juu penye vichaka vikavu, na huko mtoto akaishi. Mtoto mmoja aliuliza ule mti wa kwanza ulikuwa mti gani. Mzee akasema ule ambao alikuwa nao.

Alhamisi

Saa nane mchana filimbi ya doria ililia kutoka magharibi, moshi ukafuata. Shamba jipya la ufuta lilikuwa likichomwa, upepo ukageuka, moto ukaruka mpaka. Tulikimbia wote. Hakuna bomba la maji wala gari. Tulikuwa na matawi mabichi, mapanga na majembe. Wazoefu hawaupigi moto usoni. Wanakwenda mbele yake, wanafyeka ukanda, wanachoma kidogo kidogo kurudi kuelekea kwake ili ukifika usikute cha kula. Sisi wageni tulipangwa nyuma kuzima magome yanayofuka. Mwenye shamba, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, alikuwepo tangu mwanzo, shati lake limeungua bega, na hakuondoka mpaka mwisho.

Moto uliingia kwenye kipande kilichopandwa miche msimu uliopita. Ulipozimwa, jua lilikuwa limekaribia kuzama na kipande chote kilikuwa cheusi.

Nililia. Shangazi hakulia. Alipiga goti mbele ya mche wa kwanza, akafukua majivu kwa vidole, akakwaruza gamba kwa kucha pale shina linapoingia ardhini. Chini ya weusi palikuwa na kijani. Akaenda wa pili, kijani. Wa tatu umekufa. Tulipanga mstari tukakwaruza kwa tochi za simu, na iliyokuwa hai ilikuwa mingi kuliko iliyokufa. Imerudi ilikoanzia, ila mizizi ipo.

Kijana wa Sokoine alinieleza kwamba moto wenyewe si wa kukomesha kabisa katika misitu ya miombo kama huu. Kijiji huchoma mapema, mara baada ya mvua kwisha, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto ukapita chini na polepole, ukaondoa kuni za moto kichaa wa mwisho wa kiangazi. Mwaka huu upande wa magharibi haukuchomwa mapema kwa sababu watu walikuwa kwenye mavuno ya ufuta. Hapo ndipo mambo haya yote yanafungana: zao, kalenda, moto, mche.

Ijumaa

Hakuna kazi kabla ya sala. Asubuhi nilifua nguo zilizonuka moshi. Jioni kaka wa Unguja alifungua kasha lake la klarineti uwanjani.

Walinzi wa msitu hawa wameukimbiza mpingo kwenye malori usiku, wameupima kwa kamba, wameuhesabu kwenye madaftari, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia. Alipiga kwanza taarabu ya taratibu, halafu kwa kubembelezwa akajaribu mapigo ya sindimba, na kina mama wakamsahihisha kwa makofi mpaka akayapata. Baadaye kiongozi wa doria aliomba kuishika. Aliipima uzito kiganjani, akatafuta mti mweupe, hakuupata, akanusa.

“Inauzwa kiasi gani?”

“Ya mti halisi namna hii, ikiwa mpya, ni mamilioni kadhaa.”

Watu walianza kupiga hesabu kwa sauti, na mazungumzo yakawa marefu kuliko muziki. Kwa nini vipande vinatoka nchini vikiwa vipande? Kuna vijana huku wanaoweza kupasua unywele kwa tezo. Kaka alieleza kwa uaminifu: mti lazima ukaushwe muda mrefu sana usije ukapasuka, mashimo yanatobolewa kwa vipimo vya chini ya milimita, na viwanda vya Ulaya vina zaidi ya karne ya ujuzi huo. Alisema pia kwamba tangu Januari 2017 miti ya jamii hii inasafirishwa kwa vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kwamba mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa kwenye masharti hayo. Mzee mmoja akasema: kwa hiyo gogo letu linaomba kibali, klarineti inapita. Sikuwa na jibu, na nadhani anayefanya maamuzi ya viwanda nchini anapaswa kuja kukaa kwenye mkeka ule alisikie swali hilo mwenyewe. Kukausha mti kunafundishika, na kutoboa vilevile.

Jumamosi

Mvua! Ilianza saa tisa za usiku, ikapiga nyasi za paa mpaka alfajiri. Shangazi alikuwa ameshaamka, anachomeka kijiti ardhini kupima unyevu umeshuka kiasi gani. Kiganja kizima na zaidi. Akasema twende.

Tulipanda katika mashamba yaliyoachwa, kwenye mashimo yaliyochimbwa tangu Novemba. Unapasua kiriba kwa wembe upande mmoja, unashika bonge la udongo lisivunjike, unalishusha, unarudishia udongo wa juu kwanza, unakanyaga kwa kisigino lakini si kwa hasira, kama Shangazi alivyosema. Viriba vyote vinarudi kambini. Mtoto mmoja alipewa kazi ya kuvihesabu na hakuna kilichopotea. Mpingo haupendi kivuli, kwa hiyo vichaka vinavyouzunguka vinafyekwa, ila machipukizi ya mninga na mkongo yanaachwa yakue nao. Wachongaji walipanda maeneo yao wenyewe. Mzee alikuja na fimbo yake, hawezi kuinama muda mrefu, akapanda mmoja tu na kuchomeka kando yake kipande cha mpingo kilichochongwa ncha ili apaone wakati wa kupalilia. Kwa umri wake ana mpango wa palizi.

Saa kumi jioni hatukuwa na nguvu ya kuzungumza. Wali kwa maharage, na embe.

Jumapili mpaka Jumanne

Siku za rangi. Kamati ilikuwa imeomba mabango ya mpaka wa msitu, yanayoeleweka na asiyesoma. Niliwapelekea michoro mitatu. Wa tembo waliukataa kwa kauli moja, maana tembo hushuka kutoka hifadhini na kumaliza mahindi ya mtu usiku mmoja, na mkulima akiona tembo ubaoni atauchukia msitu mzima. Walichagua mche uliochipua juu ya shina lililoungua, na mzinga wa nyuki. Watoto wa shule walipaka rangi za chini, mimi nikamalizia, dada wa Bagamoyo akatengeneza vigae vidogo vya udongo vyenye namba za vitalu vya msitu, vikachomwa kwenye tanuri la shimo. Mafundi walipigilia mabango kwenye nguzo, si kwenye miti.

Sitaeleza zaidi. Rangi ilikauka vizuri licha ya mvua.

Jumatano

Siku yangu ya mwisho nilishinda kitaluni kujaza viriba vya msimu ujao. Kabla ya adhuhuri alikuja kijana mwenye shamba la ufuta, bega limefungwa kitambaa. Serikali ya kijiji ilikuwa imeshakaa naye kwa mujibu wa sheria ndogo. Alisimama nje ya uzio mpaka alipokaribishwa.

“Shikamoo Shangazi.”

“Marahaba. Bega?”

“Linaendelea. Nimekuja kuomba miche. Nataka kupanga mpakani, upande wa msitu, halafu nisisogee tena.”

Shangazi aliendelea kujaza udongo. “Na ufuta utalima wapi ardhi ikichoka?”

“Nimeongea na bwana shamba. Nitapokezana na mbaazi.”

Mbaazi nayo ni jamii ya kunde, inarudisha naitrojeni na inauzika. Shangazi alinyanyuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaingia chini ya chanja, akaanza kumchagulia miche, anageuza kila kiriba kutazama chini yake kabla ya kukiweka kwenye toroli.

“Umebakiza kuchoma wapi?”

“Kona ya magharibi. Jua likikausha nitachoma keshokutwa.”

“Saa ngapi?”

“Alfajiri, kabla ya upepo.”

“Basi kesho tunakuja kufyeka barabara ya moto, hatua kumi upana. Watu sita. Wewe uandae maji ya kunywa, na umwambie mkeo tutakula kwenu.”

Kijana akasema sawa. Mimi nilikuwa na lori la kurudi Nangurukuru saa tisa. Dereva alipofika nilimwuliza kama ana safari nyingine Ijumaa. Akasema anayo, nikashusha begi, nikaenda kutafuta panga lenye makali.